Marehemu, Fundi wa Makochi

Kacha. Mkasi ukipita kwenye kitambaa kizito, makali yakigonga meza ya mbao kila yanapofumba. Hiyo ndiyo sauti iliyompokea siku aliyorudi kutoka hospitali, nyuzi zikiwa bado ubavuni, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umekumbatia kifua kama mtu aliyebeba mayai. Alisimama nje ya nyumba ya mumewe apate pumzi. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, wifi yake alikuwa ametandaza mezani gauni la kijani, lile alilolivaa yeye siku ya harusi, na alikuwa analipunguza.

Afadhali angekuwa na hasira. Wifi hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa amebana pini midomoni, amevuta kiti karibu na mwanga, ametulia kama mtu anayerekebisha nguo yake mwenyewe. Na mgongoni alikuwa amefunga mtoto, binti mchanga ambaye yeye alikuwa amemwacha kwa mama mkwe ili akapasuliwe moyo.

"Wifi," aliita.

Wifi aliinua kichwa. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akapata nafasi ya kushangaa.

"Kumbe umerudi," alisema. "Tuliambiwa wanaopasuliwa moyo hawarudi."

Walikuwa wamegawana. Siku alipoingizwa chumba cha upasuaji, ukoo wa mumewe ulikaa sebuleni, ukanywa chai, ukagawana. Kitanda kilikwenda kwa shemeji. Vyombo vilikwenda kwa mkwe. Mtoto alikwenda kwa wifi, aliyekuwa hana wa kwake. Baadaye walieleza kwamba hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanajiandaa tu. Mume mwenyewe alikuwepo kwenye kikao hicho. Alikuwa mtu wa "ndiyo, dada", na siku hiyo alisema ndiyo, dada, mpaka chai ikaisha.

Vitu vilirudi, kwa manung'uniko, isipokuwa gauni. Mtoto hakurudi.

"Amezoea huku," wifi alisema. "Na wewe leo upo, kesho haupo. Unataka mtoto afiwe mara mbili? Subiri upone kwanza."

Wazee wakaona hayo ni maneno ya busara. Akasubiri. Alipopona, wakasema asubiri apate nguvu. Alipopata nguvu, mume alikuwa na mke mwingine, na mtoto alikuwa anakimbia na kujificha nyuma ya gauni la kijani lililopunguzwa, akichungulia mgeni aliyekuja na peremende. Wifi alimwambia mtoto, na akaendelea kumwambia mpaka akawa mtu mzima: "Yule ni mama yako wa kuzaa. Alikutoa. Alikuwa anaumwa, akaona wewe ni mzigo, akasema nichukulieni huyu nipate kupumua."

Neno hilo alilisikia kwa masikio yake, kutoka kinywani mwa mwanawe wa miaka saba. "Mama anasema ulinitoa upate kupumua." Alipofungua mdomo kukana, mtoto alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayejitetea, akaenda kucheza.

Basi, akaapa kuishi. Wengine huapa kwa mambo makubwa; yeye aliapa kutokufa, na alikifanya kiapo hicho kama kazi.

Kazi nyingine alikuwa anajifunza kwa fundi mzee wa makochi: kuvua kochi kitambaa kuukuu, kung'oa misumari yenye kutu, kukaza kamba za chini, kufunga springi zisilie, kukata sponji kwa kisu kirefu kilicholowa maji. Fundi mzee aliogopa kumpa kitu kizito. "Ukinifia hapa," alimwambia, "nitaeleza nini?" Akamjibu, "Waambie nililala kazini." Mzee alicheka mpaka akakaa, na tangu siku hiyo akampa nyundo.

Jina alipewa na wifi. Wifi alikuwa akiwaambia wanawake bombani kwamba mtu aliyefunguliwa kifua ameshakufa, kilichobaki ni mwili kupata habari. "Yule ni marehemu anayetembea." Watoto wakalidaka, mtaa ukafuata. Fundi mzee alipostaafu na kumwachia karakana, yeye alimwita mchora vibao akamwandikisha juu ya mlango, herufi nyekundu, kubwa kuliko alizozizoea mchoraji huyo: MAREHEMU – MAKOCHI NA VITI VYA AINA ZOTE.

Wateja wakaja kwa kucheka na wakarudi kwa kuridhika. "Kochi limebonyea, lipeleke kwa Marehemu." "Marehemu kaniambia njoo Jumatano." Kinyozi wa mlango wa pili hakuchoka na mzaha huo maisha yake yote. Kila asubuhi alipomwona anafungua kufuli alipaza sauti: "Umefufuka?" Naye hujibu: "Kwa hasira."

Hakuwa anatania. Misiba ya ukoo ule hakukosa hata mmoja. Alimzika mkwe. Alimzika shemeji aliyechukua kitanda. Alimzika mume, na siku hiyo alikaa mstari wa mbele, akavuta pumzi ndefu, ndani, nje, wote wamsikie. Na kila mara, watu wakitawanyika, alimpitia wifi na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole, wifi. Bado nipo."

"Naona," wifi hujibu, akitafuta pa kufutia kiganja.

Mwaka mmoja wifi alipeleka kochi lake kushonwa, kwa kuwa hakukuwa na fundi mwingine mwenye mkono ule. Lilirudi limenyooka, linameta, mtaa mzima ukalisifia. Ila upande wa kulia, anapokaa wifi, springi moja haikufungwa kama wenzake. Haikutoboa, haikulia. Ilisukuma kidogo tu, mahali pasipofaa, mtu akishakaa muda wa kutosha kunogewa na mazungumzo.

Moyo wenyewe ulikuwa na safari zake. Ulianza kuharibika utotoni, kwa koo lililouma, homa, na magoti yaliyovimba kisha yakapona. Kila mtu akasahau isipokuwa mlango mmoja ndani ya moyo, ambao ulibaki na kovu, ukaanza kujibana. Ulijificha mpaka alipopata mimba. Hapo damu ikazidi, mlango ukawa mwembamba, akawa analala ameketi, mito mgongoni, akihema kama aliyekimbizwa. Daktari wa kwanza aliingia kupitia ubavuni, akapenyeza kidole ndani ya moyo unaopiga, akaupanua mlango huo kwa kidole. Alimweleza hivyohivyo, akimwonyesha kidole chenyewe. Mara nyingi, akipigilia misumari, alikikumbuka kidole kile kuliko alivyomkumbuka mumewe.

Alimwambia pia kwamba mlango utajibana tena, labda baada ya miaka kumi, labda zaidi. Ulijibana baada ya kumi na kitu. Safari ya pili walipitia mbele, wakapasua mfupa wa kifua, wakautoa mlango wake wakaweka wa chuma. Tangu hapo akawa mtu wa kidonge cha kila jioni, cha kuifanya damu iwe nyepesi isigande kwenye chuma. Mtu wa kupimwa damu kila mwezi. Mtu aliyeambiwa asibebe mimba tena, kwa sababu kidonge hicho na mtoto tumboni havielewani. Hilo la mwisho alilipokea akiwa amesimama. Kisha akaenda karakana akalivua kochi zima kitambaa kwa mikono, bila kisu.

Akaishi. Kidole kilikuwa kimenunua muda, chuma kikanunua mwingine, naye akautumia wote kukasirika.

Binti alikua, akawa mwalimu wa watoto wadogo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimwita wifi "Mama". Aliyemzaa alimwita tu "Mama Fundi", kwa heshima zote, na kila alipopita alinunua kitu kidogo akamletea. Ndiye aliyempeleka wifi karakana asubuhi moja.

Wifi aliingia akiwa ameshikwa kiwiko. Alikuwa amekonda shingo na kuvimba miguu. Alisimama katikati ya mabaki ya sponji akihema, mdomo umepoteza rangi, na fundi, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya kiti kilichopinduliwa, aliujua ule mhemo kabla hajainua uso. Alikuwa amekaa nao usiku mwingi. Ulikuwa kama sauti ya ndugu.

"Shikamoo, Mama Fundi," binti alisema. "Tumekuja na shida."

"Marahaba, mwanangu. Mkalishe."

Wifi alilitazama kochi aliloonyeshwa. "Halichomi hili?"

"Hili ni la mteja."

"Lile langu linanichoma miaka yote."

"Labda ni wewe," fundi alisema. "Kochi halina kosa."

Binti alieleza. Mama alikuwa ameanguka ngazini, akapoteza fahamu. Daktari alikuta mlango wa moyo unaotoa damu kwenda mwilini umekuwa mgumu kama ganda, kwa uzee. Alisema bila upasuaji ana mwaka, labda miwili, na haitakuwa mizuri. Mama amekataa. Anasema wanaofunguliwa kifua wanakufa.

"Nimemwambia, wewe umefunguliwa mara mbili," binti alimaliza, machozi yakimlengalenga. "Hataki kunisikia mimi, wala daktari. Nikasema basi aje akusikie wewe. Mweleze tu ilivyokuwa, Mama Fundi. Mweleze ukweli."

Wifi alikuwa anamtazama. Uso ule haukuwa na kiburi siku hiyo, ulikuwa na woga mtupu, na woga huo aliufuma mwenyewe, bombani, kwa miaka na miaka, mpaka ukamfika shingoni. Fundi alihisi kitu kitamu kikimpanda kifuani. Aliweka nyundo chini, akajifuta mikono, akavuta kigoda karibu sana.

"Ukweli," alisema. "Sawa."

Akamweleza. Hakusema uongo hata mmoja.

Alimweleza kuzinduka na mpira kooni, huwezi kusema, huwezi kumeza, unasikia watu wanakuongelea. Alimweleza mipira mingine inayotoka ubavuni, ikitoa maji mekundu kwenye chupa. "Kukohoa, wifi. Unaambiwa ukohoe, na mfupa umepasuliwa kwa msumeno. Unakumbatia mto unakohoa, unaona nyota." Binti alifumba macho. Fundi akaendelea, taratibu, kama anayefunga springi, moja baada ya nyingine. Alimweleza siku kisu cha sponji kilipompitia kidoleni na damu ikakataa kusimama. Alimweleza asubuhi ambayo mdomo wake ulikwenda upande na akashinda akikiita kikombe kiatu. Alimweleza moyo unaopoteza mdundo mpaka leo, ukirukaruka kama kuku ndani ya kikapu. "Na mlango wa kwanza haukudumu. Ulijibana tena. Ikabidi nirudi kulekule, meza ileile."

Karakana ilinukia gundi na vumbi la vitambaa vya watu.

Alitegemea kumwona wifi akitetemeka. Badala yake wifi alishusha mabega, akaegemea kochi la mteja, akatabasamu kama mtu aliyepewa ruhusa.

"Si niliwaambia?" alimgeukia binti. "Haya, umesikia kwa masikio yako. Mimi nitaondoka na kifua changu kizima. Mwanangu utanizika vizuri, utavaa gauni langu la kijani, utasema nilikuwa na mama."

"Mama, usiseme hivyo," binti alisema, akapiga magoti kwenye mabaki ya sponji, akalaza kichwa mapajani pa wifi. "Nitabaki na nani mimi?"

Wifi alimpapasa nywele. Juu ya kichwa kile, macho yake yalikutana na ya fundi, na yalikuwa yametulia, yametulia kabisa, kama siku ile ya pini.

Hapo fundi akauona msiba wote. Alimwona binti ameshikwa na wanawake wawili, akilia mama yangu, mama yangu. Alijiona mwenyewe nyuma, pamoja na majirani na watu wa karakana, akingoja zamu yake ya kutoa pole kwa mtoto aliyemzaa. Na lile neno, kwamba alimtoa apate kupumua, lingeshuka na jeneza, lifukiwe, lipandiwe maua. Watu wawili tu waliobaki duniani walijua kuwa ni uongo, na mmoja alikuwa anajiandaa kuondoka akiwa mshindi. Alikuwa ameishi miaka yote hii ili amzike mwanamke huyu, na kumbe kumzika ndiko kungekuwa kushindwa.

"Mwanangu," alimwambia binti, "mama yako amekauka mdomo. Nenda dukani umletee maji ya baridi. Na mimi pia."

Binti alijifuta uso, akatoka. Fundi akausukuma mlango mpaka ukabaki wazi kwa ufa tu. Kelele za barabarani zikapungua. Katika kimya kile, wifi aligeuza kichwa huku na huku.

"Saa gani hiyo inayogonga?"

"Si saa."

Aliuchukua mkono wa wifi, ule uliovimba, akauingiza chini ya kanga ya kazi, akaubana kwenye kovu la kifuani. Wifi alitaka kuutoa. Hakumwachia.

"Hicho ni chuma changu. Kinagonga tangu mtoto akiwa darasani. Nimekwambia nusu, wifi, sasa sikia nusu nyingine. Unalala na mito mingapi?"

"Mitatu."

"Mimi nilifika mahali sina tena pa kuweka mto mwingine. Wiki chache baada ya kile kidole, nililala chali. Chali! Nikaamka asubuhi nikadhani nimekufa, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinanibana. Nikapanda kilima cha sokoni na kapu kichwani, nikafika juu, nikajisikiliza, hakuna kuhema. Nililia pale kilimani watu wakadhani nimeibiwa. Nimebeba makochi mgongoni mimi. Nimechekea misiba yenu yote."

"Lakini ulirudi kupasuliwa..."

"Nilikuwa msichana, mlango wangu uliliwa na ugonjwa. Wako umezeeka tu. Kule kliniki nakaa benchi moja na vikongwe kukuzidi, wamewekewa milango ya ngozi ya mnyama, hata kidonge changu hiki wengi wao hawakimezi. Wamepona mpaka wanatukanana kwenye foleni. Mlango huo utadumu kuliko wewe mwenyewe. Wengine hufa mezani, sikufichi. Wachache. Lakini usipokwenda, huo mto wa tatu utakuwa wa nne, kisha utakuwa unalala umeketi, kisha hutalala."

Wifi alikuwa ameacha kuvuta mkono. Vidole vyake vililegea juu ya kovu, vikafuata mwinuko wake kana kwamba vinasoma.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza. "Mimi ningekuwa wewe ningekuacha nife."

"Najua."

"Umenisamehe?"

Fundi alicheka, cheko fupi lililomkwangua koo. "Sijakusamehe. Hata kidogo."

"Basi nitamwambia." Wifi alianza kuharakisha, pumzi zikimkatika. "Akirudi na maji nitamwambia. Kwamba hukumtoa. Kwamba mimi ndiye... nitamwambia sasa hivi, tuwe sawa, niende zangu kwa amani."

"Thubutu!"

Wifi alimtazama kwa mshangao wa kweli, wa kwanza katika maisha yao ya pamoja.

"Ukimwambia leo," fundi alisema, "atakuona unakufa. Atalia na wewe, atakukumbatia, atakuwa amekusamehe kabla hujafika mlangoni. Mimi sitaki usamehewe kwa bei hiyo. Nakutaka mzima. Nakutaka umenenepa, una mashavu, unapanda ngazi, ndipo umwambie. Akukasirikie. Apite dirishani kwako asikusalimu. Uje sokoni umkute ananishika mkono mimi, na wewe uwe na afya ya kutosha kuona mpaka mwisho wa barabara. Na uishi nalo hilo, wifi. Uishi nalo miaka."

Nje, sauti ya kinyozi ilisikika ikimtania binti kwamba chupa mbili hazitoshi kumfufua mtu. Binti alicheka kidogo kwa adabu. Hatua zake zilikaribia.

Wifi alikuwa analia sasa, bila sauti, midomo imebana kama vile bado ina pini. Fundi aliutoa mkono wa wifi kifuani pake, akamrudishia mapajani. Alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, si kwa upole wala kwa ukali, kama anavyofuta gundi iliyodondoka kwenye kitambaa cha mteja. Kifungo cha juu cha blauzi ya wifi kilikuwa kimefunguka. Akainama kukifunga, mdomo ukiwa karibu na sikio, na mlango ulipoanza kusukumwa akasema, kwa sauti ambayo hata chuma chake kingeweza kuifunika:

"Nenda kapasuliwe, wifi. Bado sijamalizana na wewe."